Jung Ho-yeon hakuokota dodo chini ya mpera (uzi mrefu, vuteni viti)

#1 · mleta uzi

Wakuu habari za jioni, na shikamooni wakubwa zangu wote mliomo humu.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa Squid Game, ile tamthilia ya Korea ambayo watu 456 wenye madeni wanacheza michezo ya watoto kwa pesa na anayeshindwa anauawa, kuna mchangiaji aliandika kwamba Jung Ho-yeon, yule binti namba 067 (Kang Sae-byeok), "aliokota dodo chini ya mpera". Maana yake mwanamitindo tu, sura nzuri, akaingizwa kwenye tamthilia, tamthilia ikalipuka na yeye akapaa nayo. Wengi wakagonga like. Nilitaka kujibu palepale, nikaona maneno yangu ni mengi mno kwa uzi wa mtu mwingine. Nimemfuatilia dada huyu tangu enzi ambazo hakuna aliyejua kama anaweza hata kuongea, na kauli ile iliniuma. Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Tahadhari: kama hujamaliza msimu wa kwanza, nenda kamalize kwanza. Nitataja mpaka nani anakufa.

Jung Ho-yeon alizaliwa Seoul tarehe 23 Juni 1994. Alianza kupanda jukwaani 2010, akiwa na miaka 16. Tena hakuwa na kampuni ya kumshika mkono. Kwa kama miaka miwili alikuwa anajitafutia mwenyewe nafasi kwenye maonyesho ya Seoul Fashion Week, mtoto wa shule anabisha hodi kwa wabunifu. Kampuni ya wanamitindo inayoitwa ESteem ilimsajili 2012. Mwaka 2013 akaingia shindano la televisheni, Korea's Next Top Model msimu wa 4, na hakushinda. Taji lilikwenda kwa Shin Hyun-ji, ambaye baadaye naye alitembea sana kwa Chanel. Ho-yeon akaishia nafasi ya pili.

Hapo palimtosha kabisa kubaki. Korea ina majarida, ina matangazo ya vipodozi, ina wiki yake ya mitindo, na mtu anaishi vizuri tu. Yeye 2016 akafunga mizigo akaenda New York, akasajiliwa na kampuni ya The Society.

Naomba niwaeleze kidogo kazi ile ilivyo, maana wengi tunaona picha tu. Kuna misimu miwili mikubwa kwa mwaka: Septemba hadi Oktoba zinaonyeshwa nguo za majira ya joto yajayo, na Februari hadi Machi zinaonyeshwa za baridi. Miji ni minne na inafuatana: New York, London, Milan, Paris. Mwezi mzima binti anakimbia mji hadi mji. Kila asubuhi ana orodha ya ofisi za wabunifu za kuzungukia. Anafika, anapanga foleni na wenzake, anatembea hatua kadhaa mbele ya watu wawili watatu, anapigwa picha, anaambiwa asante, anatoka. Akipita, siku ya onyesho ataamka alfajiri, atakaa saa nyingi kwenye kiti cha nywele na vipodozi, kisha atapita mbele ya watu kwa muda usiofika dakika moja. Yote yale ni kwa ajili ya hiyo dakika.

Oktoba 2016 Louis Vuitton, nyumba ya mitindo ya Ufaransa, walimchukua Paris kwa mkataba wa kutembea kwao peke yao msimu ule. Ukipewa mkataba wa namna hiyo na wewe ni mgeni, maana yake mbunifu mkuu amekuona akasema huyu asionwe kwingine. Ndipo dunia ya mitindo ikamjua kwa zile nywele nyekundu, nyekundu ya moto kabisa. Baada ya hapo akatembea kwa Chanel, Fendi na wengine wengi.

Kutembea jukwaani kuna adabu yake. Mabega yametulia, macho mbele, uso haumwambii mtu kitu, kwa sababu inayotakiwa kuonekana ni nguo. Ukicheka au ukinuna, watu watakutazama wewe na nguo itasahaulika. Ho-yeon aliifanya kazi hiyo miaka kumi. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Ughaibuni peke yake, lugha ya kuokoteza, na umri wa mwanamitindo hausubiri. Kazi zikaanza kupungua. Amewahi kusema mwenyewe kwamba upweke ule ndio uliomfanya awe anasoma vitabu na kutazama filamu mfululizo, na hamu ya kuigiza ikaanzia hapo. Akirudi Korea likizo alikuwa anachukua masomo ya uigizaji. Januari 2020 akasaini na Saram, kampuni ya waigizaji ya Seoul.

Mwezi hivi ukapita. Yuko New York tena kwa wiki ya mitindo, kampuni inampigia: rekodi video ya usaili, kuna tamthilia. Vipande vya script anavyo mkononi, siku za kujiandaa ni za kuhesabu, na bado ana kazi ya jukwaani. Alieleza baadaye kwamba siku zile hata kula na kulala kulimpita kando, alikuwa anarudia maneno tu chumbani. Akatuma. Mwongozaji, Hwang Dong-hyuk, aliitazama ile video akajua amempata mtu wake. Akaitwa Seoul aonekane ana kwa ana. Akapanda ndege.

Hwang mwenyewe alikuwa amekaa na lile andiko kama miaka kumi. Aliliandika 2008 na 2009, kila alikobisha hodi wanamwambia ni la kikatili mno, halitauzika. Sasa mtu aliyesubiri kiasi hicho, mnadhani angempa mtu nafasi kubwa namna ile kwa sababu ya urefu na ngozi?

Naendelea chini. Karibuni mchangie.

#2 · dada_wa_tabata

Mleta uzi hongera kwa kazi nzuri. Mimi nilijua ni mwigizaji wa siku nyingi, sikujua kama ile ilikuwa kazi yake ya kwanza kabisa! Kwa hiyo kabla ya pale hajawahi hata kucheza kipande kidogo cha muuza duka?

#3 · msema_kweli77

Mkuu, mimi ndiye niliyeandika habari ya dodo, na bado nasimama palepale, kwa heshima zote. Nimeitazama mara mbili. Uso wake ni uleule mwanzo mpaka mwisho. Lee Jung-jae, yule anayecheza Gi-hun, mhusika mkuu, analia, anacheka, anahangaika, jasho linamtoka. Yule bibie amekunja sura tu. Hata wewe umesema mwenyewe, miaka kumi amefundishwa uso usimwambie mtu kitu. Basi ndicho alichokuja nacho. Kuigiza ni kuonyesha.

#4 · mleta uzi

Dada wa Tabata, ndiyo. Hakuwahi. Kang Sae-byeok ndiyo nafasi yake ya kwanza ya uigizaji, na aliipata katikati ya watu kama Lee Jung-jae, mkongwe ambaye naye, kwa taarifa yenu, alianza kama mwanamitindo miaka ya 90.

Msema kweli, nashukuru umekuja mwenyewe, na hoja yako ni ya maana. Tutazame pamoja.

Kwanza Sae-byeok ni nani. Ametoroka Korea Kaskazini. Baba aliuawa wakati wa kuvuka, mama akakamatwa akarudishwa, mdogo wake wa kiume yuko kituo cha watoto yatima. Watu wa namna hiyo wapo kweli. Waliofika Korea Kusini kwa miaka yote hii wamezidi 30,000, na wengi wao ni wanawake. Wengi hutokea mikoa ya Hamgyong, huko kaskazini mashariki, kwa sababu imepakana na China na kilichopo katikati ni mto tu. Wakifika Kusini wanakuta lugha ni ileile lakini lafudhi yao inawaumbua. Akifungua mdomo dukani au kwenye usaili wa kazi, watu wanageuka. Kwa hiyo wengi hujifunza kuificha.

Sasa rudi kasikilize. Sae-byeok akiwa mle mchezoni anaongea Kikorea cha Seoul, kifupi, kikavu. Akienda kumtembelea mdogo wake kule kituoni, sauti inabadilika, anaongea cha kwao. Sisi tunaosoma maandishi ya chini hatuoni kitu kwa sababu tafsiri ni moja. Mkorea anasikia palepale. Ho-yeon ni mtoto wa Seoul. Lafudhi ile alifundishwa na watu waliotoka huko, akatazama filamu za hali halisi za waliotoroka, akajifunza na kupigana. Na kila siku alikuwa anaandika shajara kama Sae-byeok, kama vile ni yeye aliyelala kwenye kile chumba na kuamka na hofu ile.

Binti wa namna hiyo, aliyefunzwa na maisha kwamba uso ukisema kitu utakamatwa, atakuwa na uso gani? Wewe unataka alie mbele ya watu 455 wanaotaka afe?

Pili, gololi. Sehemu ya 6. Mnakumbuka wanapangwa wawili wawili, na Sae-byeok anakaa na Ji-yeong, yule aliyechezwa na Lee Yoo-mi. Wenzao wote wanagombania gololi tangu dakika ya kwanza, hawa wawili wanakaa kwenye ngazi wanapiga soga. Ji-yeong anamuuliza ukitoka utafanya nini. Anataja mdogo wake, mama yake, nyumba. Anataja kisiwa cha Jeju. Tazama wakati anataja Jeju. Hakuna machozi wala muziki mkubwa. Macho yanatoka kwa Ji-yeong yanakwenda pembeni na kubaki huko, na mdomo unakuwa wa mtoto kwa sekunde mbili hivi. Mtu aliyefunga mlango wa uso sehemu tano nzima, akiuacha wazi kidogo tu, wewe mtazamaji unainuka kwenye kiti.

Kisha Ji-yeong anaiachia gololi ianguke makusudi. Sae-byeok anamkwida ukosini, anampigia kelele arushe tena vizuri. Hasira tupu! Mwigizaji mwingine angelia hapo, maana andiko linamruhusu kulia. Yeye amekasirika, kwa sababu mtu anampa zawadi ambayo hana namna ya kuilipa. Ji-yeong, yule anayebaki, anamshukuru kwa kucheza naye. Ho-yeon anageuka na kuondoka, risasi inalia nyuma yake. Na kitu anachofanya pale ni kile alichofanya maisha yake yote: anatembea. Miaka kumi ya kutembea mbele ya watu bila kusema kitu, yote imo kwenye zile hatua.

Mimi hapo nilisimamisha video nikaenda kunywa maji.

#5 · binti_bahari

Asalaam aleikum jamaa wote. Mimi ni mtu wa Mombasa, na hilo la lafudhi limenigusa pasipo. Nilipokuwa kazini Nairobi mwaka wa kwanza nilikuwa nikisema "ndia" badala ya njia, "ndoo" badala ya njoo, watu wacheka. Si kwa ubaya, lakini wacheka. Nikaanza kujichunga kila neno. Jioni nikimpigia mama simu, dakika ya kwanza naongea cha ofisini bila kujua, mama aniuliza "we waongea na nani?" Na hakuna wa kunikamata mimi, ni aibu tu. Sasa huyo ambaye lafudhi yake ni hatari? Kumbe tumetazama kitu nusu kwa sababu ya tafsiri. Ahsante ndugu yangu kwa kutufungua.

#6 · msema_kweli77

Sawa mkuu, la lafudhi sikulijua na nalikubali. La gololi nitarudi kuitazama upya leo usiku, sitaki kubisha kwa kumbukumbu. Lakini bado: tamthilia ile ilitazamwa kiasi ambacho hata angekuwa mwingine angepata jina. Bahati ipo.

#7 · fundi_wa_cherehani

Naomba kuuliza nje ya tamthilia kidogo. Mimi ni mshonaji, dada huyu nilimjua kwa ile gauni nyeusi ya tuzo Marekani, yenye shanga za fedha kuanzia kifuani, na nywele zimesukwa mkia mmoja wenye utepe. Mteja aliniletea picha kwenye simu akataka kama ile ya harusi ya dada yake. Ule utepe ulikuwa na maana au ni urembo tu? Maana nilivyoutazama, kitambaa chake na shanga zake vilifanana na vya gauni, kwa hiyo mtu alikaa akaushona kwa makusudi. Utepe wa dukani hauwezi kulingana namna ile.

#8 · mleta uzi

Fundi, una jicho kali. Ule utepe unaitwa daenggi. Ni wa zamani Korea, enzi za ufalme wa Joseon. Msichana ambaye hajaolewa alisuka nywele mkia mmoja mgongoni na kufunga daenggi mwishoni, mara nyingi nyekundu. Akiolewa nywele zinapandishwa juu. Gauni ilikuwa ya Louis Vuitton, walewale waliomchukua 2016, na daenggi ikatengenezwa ilingane nayo vilevile ulivyoona. Kwa hiyo mbele ya Hollywood nzima alivaa nyumba ya Ufaransa mwilini na nywele za bibi zake kichwani.

Ilikuwa tarehe 27 Februari 2022, Santa Monica, tuzo za chama cha waigizaji wa Marekani, SAG. Nataka mjue kwa nini ile tuzo ni nzito kuliko zawadi za mashabiki: wanaopiga kura ni waigizaji wenyewe. Fundi anamhukumu fundi. Kwenye kundi lake walikuwemo Jennifer Aniston, Reese Witherspoon, Elisabeth Moss na Sarah Snook. Akaitwa yeye. Akapanda machozi yanamtoka, akaanza kwa Kikorea, akasema kwamba mara nyingi alikaa kama mtazamaji akiwaangalia wale watu kwenye skrini na kuota kwamba siku moja atakuwa mwigizaji. Kabla yake, mwenye asili ya Korea aliyewahi kuichukua ile tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa tamthilia ni Sandra Oh, na yeye ni wa Kanada, aliigiza kwa Kiingereza. Usiku uleule Lee Jung-jae akachukua ya wanaume.

Mwezi huohuo Februari alikuwa peke yake kwenye jalada la Vogue ya Marekani, Mkorea wa kwanza kukaa hapo bila kushirikiana na mtu. Kwenye Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, aliteuliwa pia mwaka ule, akashindwa na Julia Garner. Lee Yoo-mi, yule Ji-yeong wa gololi, yeye alipata Emmy ya mwigizaji mgeni. Nilifurahi sana kwa hilo, maana kile kipande ni cha wawili.

Msema kweli, bahati ipo, siikatai. Netflix waliitoa tarehe 17 Septemba 2021, na ndani ya wiki nne za kwanza akaunti milioni 142 zilikuwa zimeifungua. Instagram ya Ho-yeon ilitoka kwenye laki nne hivi ikavuka milioni 20 ndani ya wiki chache. Hakuna bidii ya mtu mmoja inayoleta idadi hiyo. Lakini bahati iliwafikia wote waliokuwa mle ndani, na tuzo za waigizaji wenzao walikwenda nazo wachache.

#9 · bokjoo_milele

Mleta uzi samahani, naomba na mimi nimtetee wangu. Unasema wanamitindo walioingia kuigiza, halafu humtaji LEE SUNG-KYUNG? Kabla ya huyo wako, aliyekuwa na wafuasi wengi Instagram kuliko waigizaji wote wa kike Korea alikuwa yeye. Na yeye hakupata Netflix ya kumbeba. Alipanda ngazi moja moja kwenye televisheni ya kawaida.

#10 · mleta uzi

Umenikosoa kwa haki kabisa, naomba radhi. Tena nampenda.

Lee Sung-kyung alizaliwa 1990, akaanzia mashindano ya wanamitindo 2008, na 2014 akapata nafasi yake ya kwanza ya tamthilia, It's Okay, That's Love. Ilikuwa ya pembeni. Mapema 2016 akacheza Cheese in the Trap kama Baek In-ha, binti mkali anayefoka, na wengi waliomjua kwa upole wa picha za majarida hawakumpenda hata kidogo mwanzoni. Kisha Novemba 2016 ikaja Weightlifting Fairy Kim Bok-joo, ya kituo cha televisheni cha MBC, sehemu 16.

Hebu fikirieni ile kazi. Mwanamitindo mrefu, mwembamba, mwili wake ndio uliomlisha tangu ana miaka 18. Anaambiwa acheze mnyanyua vyuma wa chuo cha michezo, hadithi iliyochotwa kwa mbali kwenye ujana wa Jang Mi-ran, yule aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008. Akala, akaongeza uzito, akakata nywele. Akajifunza kutembea upya, maana mnyanyua vyuma hatembei kama mtu wa jukwaani: miguu imeachana, mabega yanakwenda mbele, mikono inaning'inia mbali na mbavu. Ukimtazama Bok-joo anavyoingia kantini na sinia lake huoni hata chembe ya mwanamitindo. Mpenzi wake mle ndani ni Nam Joo-hyuk, na huyo naye ametoka jukwaani.

Watazamaji wa Korea wakati ule walikuwa wachache, kwa sababu muda uleule kituo kingine, SBS, walikuwa na The Legend of the Blue Sea ya Jun Ji-hyun. (Jun Ji-hyun mwenyewe alianza kwa kupigwa picha za jarida akiwa bado binti wa sekondari. Wamejaa.) Lakini Bok-joo ndiyo inayotazamwa upya mpaka leo na watu wa nchi ambazo MBC haikuziwaza.

Na aliyetangulia njia hii ni Bae Doona. Alionekana mtaani Seoul 1998, akawa mwanamitindo, mwaka uliofuata akaingia kwenye filamu na tamthilia ya shule ya KBS. Leo ana Stranger, ana Kingdom, ana Sense8. Kwa wanaume mnawajua: Cha Seung-won, Kang Dong-won, Kim Woo-bin, Lee Jong-suk. Kampuni za Korea zimeona zamani kwamba mtu aliyezoea kutazamwa haogopi kamera, na huko ndiko wanakokwenda kutafuta. Kinachowapiga wengi ni sauti. Jukwaani hawakuitumia hata siku moja, kisha ghafla inabidi ibebe sehemu 16.

Hapo ndipo naona tofauti ya hawa wawili. Sung-kyung alipewa muda wa kukosea mbele ya watu, tamthilia baada ya tamthilia, mpaka akafika Dr. Romantic anashika kisu cha upasuaji na wewe unamwamini. Ho-yeon hakupewa hata wiki moja ya kukosea. Alichofanya kwa mara ya kwanza kilitazamwa na dunia nzima, na hilo nalo ni zigo.

#11 · kijana_wa_mjini

Sasa mkuu mbona amepotea? Tangu 2021 simuoni. Kama ni mkali kiasi hicho ilibidi awe kila mahali.

#12 · mleta uzi

Hajapotea. Amechagua kwenda polepole, na mimi namheshimu kwa hilo.

Alipopata jina tu, novemba ya 2021, alisaini na CAA, kampuni kubwa ya mawakala ya Marekani. Angeweza kurudi Korea akachukua tamthilia ya mapenzi ya sehemu 16 na matangazo ishirini. Matangazo yapo, ni balozi wa Louis Vuitton. Lakini kwenye kuigiza akaenda kwa mwongozaji Alfonso Cuarón, kwenye tamthilia ya Disclaimer, ya Apple, ilitoka Oktoba 2024, sehemu 7. Nyota ni Cate Blanchett na Kevin Kline. Ho-yeon ni Jisoo, msaidizi wa ofisini wa Blanchett. Nafasi ndogo, na ni kwa Kiingereza, lugha ambayo New York ilimtesa. Wengine walimcheka: kutoka tuzo ya SAG hadi kubeba mafaili ya bosi? Mimi nilimwona mtu aliyejua hajasoma shule ya uigizaji akatafuta darasa, na mwalimu mwenyewe ni Blanchett.

Yumo pia kwenye Hope, filamu ya Na Hong-jin, yule wa The Wailing, pamoja na Hwang Jung-min, Zo In-sung, Michael Fassbender na Alicia Vikander. Aliyewahi kutazama filamu za Na Hong-jin anajua kwamba mle hakuna mwigizaji anayetoka na nywele zimechanwa.

Halafu kijana wangu, tofautisha mwigizaji na mtu maarufu. Maarufu lazima umwone kila siku.

#13 · dada_wa_tabata

Mimi nina swali dogo. Sae-byeok lina maana? Maana pale kwenye gololi Ji-yeong anamsifia jina.

#14 · mleta uzi

Lina maana dada. Sae-byeok kwa Kikorea ni alfajiri. Na mwenzake anamwambia kwamba lake ni Ji-yeong tu, jina la ukoo hana, kwa sababu ya yale baba yake aliyoyafanya.

#15 · msema_kweli77

Nimerudi. Nimetazama sehemu ya 6 jana usiku, nikaitazama na ya 8.

Ya gololi nakubali. Nilikuwa namtazama Ji-yeong nyakati zote mbili, kwa sababu ndiye anayeongea zaidi. Safari hii nikamtazama anayesikiliza. Kuna mahali Ji-yeong anasimulia alivyomkuta mama yake amekufa, na huyu wa kwako hafanyi kitu kabisa, lakini anaacha kukwepa macho. Mwanzo alikuwa anatazama chini, anatazama pembeni. Toka hapo anamtazama mwenzake. Sikuwahi kuliona.

Na ile ya 8, ana kidonda cha kioo tumboni, anakificha. Gi-hun anataka kwenda kummaliza Sang-woo, mshindani mwenzao, akiwa amelala, yeye anamzuia kwa sauti ambayo karibu haisikiki, anamwambia wewe si mtu wa hivyo. Nilirudisha nyuma mara tatu nisikilize pumzi. Anaongea kama mtu anayehesabu maneno yaliyobaki.

Dodo naliondoa. Nimekwenda kulifuta kwenye ule uzi mwingine pia. Nielekeze nitazame nini sasa.

#16 · mleta uzi

Ndugu yangu umenifurahisha kuliko unavyojua.

Kabla hujaenda Disclaimer, rudi sehemu ya 2, pale anapokwenda kumwona mdogo wake kituoni. Zima maandishi ya chini. Usijaribu kuelewa maneno, sikiliza sauti tu, kisha linganisha na anavyoongea mle ndani siku ya kwanza na Deok-su, yule jambazi. Ukimaliza njoo utuambie.

Bokjoo_milele, wewe fungua uzi wa Lee Sung-kyung. Nitakuwa wa kwanza kuchangia.